Oksimita ilisoma 97: uchambuzi wa kisa cha mtoto wa miezi 7 katika kituo cha afya cha mpakani

Utangulizi

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Nazunguka vituo vya afya mashariki mwa Uganda nikikagua friji za chanjo, mashine za oksijeni, mizani, vipima presha na vile vifaa vidogo vya mkononi ambavyo siku hizi vimejaa kwenye droo za kila kliniki. Kisa hiki kilitokea katika kituo kimoja cha daraja la 3 karibu na mpaka wa Kenya. Nimeondoa majina, tarehe na kila alama inayoweza kumtambulisha mtu. Mama wa mtoto na wahudumu waliohusika wamekubali kisimuliwe.

Mimi niliitwa wiki moja baadaye, kwa ujumbe mfupi wa simu: "Fundi, njoo uangalie oksimita, inadanganya." Oksimita ni kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, kwa asilimia, na mapigo ya moyo. Nilifika na mkoba wangu, nikaifungua, nikaipima, nikaijaribu kwenye vidole vya watu sita. Ilikuwa nzima. Hapo ndipo nilipoomba kuketi na kila aliyekuwepo siku ile, mmoja baada ya mwingine, tukapanga upya kilichotokea saa kwa saa.

Mazingira ya kituo

Ni kituo cha mji wa mpakani. Kwenye benchi la wagonjwa utasikia Kisamia, Kiteso na Kiganda, lakini mazungumzo kati ya muuguzi na mgonjwa mara nyingi huenda kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ambayo mama wa sokoni na dereva wa lori wote wanayo. Kuna tabibu mmoja, wauguzi na wakunga wachache, na maabara ndogo. Umeme wa gridi upo ila hukatika. Sola iliyopo inatosha taa za wodi ya uzazi na friji ya chanjo, haitoshi kuendesha konsentreta, ile mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani. Kwa hiyo umeme ukikatika, inabaki silinda moja ya akiba.

Oksimita zilikuwa mbili, zote za kubana kidoleni, zilizoletwa kama msaada mwaka 2021 wakati wa wimbi la pili la korona. Moja ilikuwa imepoteza kifuniko cha betri na kufungwa kwa plasta. Zilikuja bila mafunzo. Karatasi ya maelezo nilikuta bado imekunjwa ndani ya boksi, maandishi madogo ya Kiingereza na Kichina, na ndani yake mstari mmoja unaosema kifaa ni cha kidole chenye unene wa milimita 8 hadi 25. Kidole cha mtoto wa miezi 7 hakifikishi hapo kwa namna ya kuaminika, na hata kikifika, hakitulii.

Asubuhi: uamuzi wa kwanza

Saa tatu asubuhi mama alifika na mtoto wa kiume wa miezi 7, kilo 6.8. Kikohozi siku tatu, homa siku mbili. Foleni ilikuwa ndefu, ilikuwa siku ya soko. Joto lilikuwa nyuzi 38.4. Kipimo cha malaria kilitoka hasi. Tabibu alimhesabia pumzi kwa dakika nzima, akapata 58. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 50 na kuendelea ni pumzi za haraka. Alimfunua nguo akaona sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta hewa. Alimuuliza mama kama mtoto ananyonya. "Ananyonya, daktari, ila anachoka haraka." Hakuwa na degedege, hakuwa amelegea.

Hapa ndipo kile kifaa kidogo kilipopewa uzito wote. Mwongozo wa sasa unasema mtoto mwenye nimonia na kifua kinachobonyea, kama hana dalili za hatari na oksijeni yake haijashuka chini ya asilimia 90, anaweza kutibiwa nyumbani kwa amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka majini. Ikishuka chini ya 90, ni rufaa na oksijeni. Tofauti kati ya njia hizo mbili ilikuwa namba moja.

Mwanafunzi wa uuguzi alibana klipu kwenye kidole gumba cha mtoto. Ilichukua muda kushika, mtoto alikuwa akirusha mkono. Hatimaye ikatulia kwenye 97, akaiandika. Mtoto alipewa dozi ya kwanza palepale, mama akaelezwa namna ya kuyeyusha dawa, akaambiwa arudi baada ya siku 3, au mara moja akiona mtoto hanyonyi au anahema kwa shida zaidi. Maelezo hayo ya mwisho yalitolewa polepole, kwa Kiswahili, na mama akatakiwa kuyarudia kwa maneno yake. Mkumbuke hilo.

Tabibu aliniambia, "Kama ingesoma 89, ningeandika rufaa palepale. Nilishaanza kuandika." Namwamini. Alifuata mwongozo sawasawa.

Usiku: namba na giza

Mama alirudi saa mbili unusu usiku. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa moja. Zamu ilikuwa ya muuguzi mmoja, wa miaka mingi kazini, na mhudumu wa usafi.

"Sista, tangu saa kumi hataki ziwa. Nikimpa anaachia, anahema tu."

"Mlete hapa mama. Mpakate hivi, kichwa juu. Dawa alikunywa?"

"Alikunywa. Nyingine akaitapika."

Sista alishika simu yake kama tochi, akabana ileile oksimita kwenye kidole gumba cha mtoto, kisha akaweka simu kifudifudi mezani ili ashike kipimajoto kwa mikono miwili. Chumba kikawa giza tupu. Na katika giza hilo akaona jambo ambalo asubuhi mwanga wa dirishani ulikuwa umelificha: mwanga mwekundu wa oksimita haukuwa umefungiwa ndani ya klipu. Ulikuwa ukimwagika pembeni mwa kidole, umepaka wekundu kwenye blanketi na kwenye kiganja cha mama. Kidole kilikuwa kimekaa katikati kama mwiko mwembamba ndani ya sufuria pana.

Kioo kilisoma 96. Chini yake, mapigo 71.

Aliweka stetoskopu kifuani akahesabu dakika nzima kwa saa ya ukutani, akimulika kwa simu: 168. Akahesabu tena. Kisha akafanya kitu ambacho kwangu ndicho kiini cha kisa chote. Aliitoa klipu kwa mtoto, akaibana kwenye kidole chake mwenyewe, akashika mshipa wa mkono wake wa pili. Kioo: 98, mapigo 82. Mkono wake: 82. Akamwambia mhudumu wa usafi, "Mashine ni nzima, ila huyu mtoto haimpimi."

Kuanzia hapo aliiweka kando na kutumia macho. Pumzi zilikuwa 66. Tundu za pua zilipanuka kila pumzi, kichwa kilitikisika kufuata pumzi, na mtoto alishindwa kunyonya, ambayo peke yake ni dalili ya hatari. Alimchukua kuwa mtoto asiye na oksijeni ya kutosha, bila kusubiri namba imthibitishie.

Oksijeni, sindano na boda

Konsentreta haikuwa na umeme. Silinda ilikuwa ya lita 1,360 ikiwa imejaa, na mshale wa geji ulikaribia robo. Sista alipiga hesabu nyuma ya karatasi ya maabara, ambayo niliiona bado imebandikwa ukutani: robo ni lita 340, kwa lita 1 kwa dakika, dakika 340, yaani zaidi ya saa tano. Inatosha kusubiri gari. Akaanza na lita 1 kwa kipira cha puani, akamchoma sindano za ampisilini na jentamaisini zinazotolewa kabla ya rufaa, akampigia tabibu na dereva wa gari la wagonjwa la kituo cha daraja la 4.

Baba mtoto alifika akiwa na boda tayari imewashwa nje. Alitaka mtoto aende sasa hivi. Hofu yake naielewa kabisa, na Sista hakumkemea. Alimwambia, "Baba, kwenye boda hakuna oksijeni, na usiku kuna baridi. Hapa anapumua kwa msaada. Gari limeshatoka, nimeongea na dereva mwenyewe." Gari lilichukua saa 1 na dakika 20. Wapo watakaosema boda ingefika hospitali mapema zaidi, na kwa dakika ni kweli. Lakini mtoto yule angesafiri mwendo mzima bila oksijeni, usoni upepo. Naona uamuzi ulikuwa sahihi kwa sababu mbili zilizokuwepo usiku ule: silinda ilikuwa na kitu ndani, na dereva alikuwa ameshathibitisha kwa sauti yake kwamba yuko njiani. Moja ikikosekana, hesabu inabadilika.

Matokeo

Ndani ya gari kulikuwa na oksimita ya mkononi yenye probu ya watoto, ile ya kuzungushia mguu kama bandeji. Ilifungwa kwenye unyayo. Ilisoma 86, na hapo mtoto tayari alikuwa kwenye oksijeni ya lita 1. Mapigo kwenye kioo yalikuwa 166, yakilingana na stetoskopu. Wakapandisha hadi lita 2, ikafika 92. Hospitali alikaa kwenye oksijeni siku 4 na kuruhusiwa siku ya 6. Nilipomwona alikuwa mgongoni mwa mama yake sokoni, akivuta kamba ya mfuko wa dagaa.

Alipona. Lakini alipoteza karibu saa kumi na mbili ambazo hakupaswa kuzipoteza.

Uchambuzi: namba iliyokuwa imeandikwa tangu asubuhi

Nilipomwomba mama anionyeshe kitabu cha mtoto, lile daftari la shule ambalo wagonjwa wetu huja nalo, nilikuta mwandiko wa yule mwanafunzi wa uuguzi: 97/84. Alikuwa ameandika namba zote mbili. Kwenye rejista ya kituo kuna safu moja tu ya oksijeni, kwa hiyo 97 ikaingia na 84 ikabaki kwenye daftari.

Mtoto wa miezi 7 mwenye homa na pumzi 58 hana mapigo 84. Akiwa macho, moyo wa mtoto wa umri huo hupiga kati ya 100 na 160 hivi, na homa huupandisha zaidi. Ile 84 ilikuwa ikisema wazi kwamba mashine haiusikii moyo wa mtoto huyu.

Oksimita haioni oksijeni moja kwa moja. Upande mmoja wa klipu hutoa mianga miwili, mmoja mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita kama 660 na mwingine usioonekana wa kama 940. Upande wa pili kuna jicho linalopokea kilichobaki baada ya mwanga kupita kidoleni. Damu yenye oksijeni huupitisha mwanga mwekundu kwa wingi. Damu iliyopungukiwa huumeza. Lakini nyama, mfupa na ngozi navyo humeza mwanga. Ujanja uliogunduliwa Japani miaka ya 1970 na mhandisi Takuo Aoyagi ni kuangalia ile sehemu tu inayopanda na kushuka pamoja na mapigo, kwa kuwa kinachodunda ni damu ya mishipa ya ateri. Mapigo ndiyo mlango. Namba ya oksijeni huhesabiwa kutoka kwenye mdundo uleule unaotoa namba ya mapigo. Mdundo ukiwa wa uongo, namba zote mbili ni za uongo, hata kama moja wapo inapendeza machoni.

Kidole kikiwa chembamba, sehemu ya mwanga huzunguka pembeni na kufika kwenye jicho bila kugusa damu. Mtoto akitikisa mkono, mtikisiko nao unakuwa mdundo. Jua la dirishani nalo linaingia. Mashine haina njia ya kukataa vyote hivyo. Hutafuta kinachofanana na mdundo na kutoa jibu. Jibu linaweza kuwa juu ya ukweli au chini yake. Siku ile lilikuwa juu.

Niseme pia kwamba mapigo kulingana hakumalizi kila shaka. Ngozi yetu nyeusi yenyewe inahusika: utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichwa na oksimita uliwapata wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wazungu. Hina nyeusi na rangi ya kucha huzuia mwanga. Vidole vya baridi hudhoofisha mdundo. Mtoto aliyepungukiwa damu vibaya kwa malaria anaweza kusoma 98 na bado mwili wake una njaa ya oksijeni, kwa sababu damu iliyojaa oksijeni ni kidogo mno. Na aliyevuta moshi wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa anaweza kusoma vizuri kabisa, kwa kuwa oksimita ya kawaida haitofautishi gesi ya kaboni monoksidi iliyoshika damu na oksijeni.

Nilichojifunza kiwandani kabla ya hospitali

Kabla ya vifaa tiba nilifanya kazi miaka mitatu kwenye kiwanda cha sukari upande wa Busoga, sehemu ya kuchachusha molasi. Kabla ya mtu kuingia ndani ya tenki kulisafisha, anavaa kifuani kipima gesi kidogo cha mkononi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, kifaa kikiona imeshuka hadi 19.5 kinapiga kelele. Kila asubuhi, kabla ya kukivaa, tulikipulizia gesi ya majaribio kutoka kwenye chupa ndogo, gesi ambayo kiasi chake kimeandikwa kwenye lebo, na kusubiri kioo kikiri na king'ora kilie. Kisipolia, hakuna kuingia, hata kama kioo kinawaka vizuri na betri imejaa. Hakuna aliyeona hilo kuwa kupoteza muda, kwa sababu kila mtu pale alijua habari ya mtu aliyeingia tenkini akazimia, na wa pili aliyemfuata kumwokoa.

Nilipohamia hospitali nilishangaa kukuta vifaa vya ukubwa uleule, vyenye betri zilezile, vikitolewa kwenye droo na kuwekwa moja kwa moja kwa mgonjwa. Glukomita, kile kipima sukari ya damu, huja na chupa ya maji ya majaribio. Nimeikuta ikiwa haijafunguliwa na muda wake umepita zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu. Mkanda mdogo wa presha hufungwa kwenye mkono mnene, namba inapanda, na mtu anaanzishiwa dawa. Ni kosa lilelile la klipu pana na kidole chembamba.

Sista wa usiku hakuwahi kufanya kazi kiwandani. Alikifanyia kifaa jaribio la kiwandani kwa kidole chake mwenyewe, kwa sababu alikuwa amehesabu mapigo na kuona hayakubaliani.

Kilichosaidia na kilichoangusha

Kilichomwokoa mtoto kwanza ni yale maelezo ya asubuhi. Mama alirudi usiku uleule kwa sababu aliambiwa kwa lugha anayoielewa nini cha kutazama, na akarudia. Angeambiwa "rudi baada ya siku 3" peke yake, angengoja. Namweka mama huyu mbele ya kifaa chochote katika kisa hiki.

Kilichoangusha si mtu mmoja. Kifaa cha watu wazima kiliingia kituoni bila mtu kusema ni cha watu wazima. Rejista ina nafasi ya namba moja. Foleni ya siku ya soko haimpi mwanafunzi nafasi ya kuuliza kwa nini mapigo ni 84. Na namba ikiwaka kwenye kioo ina nguvu ya ajabu: tabibu alikuwa ameona kifua kikibonyea kwa macho yake na kuanza kuandika rufaa, 97 ikamsimamisha kalamu. Mwanafunzi nilimwambia ana kwa ana, na naandika hapa pia, kwamba yeye ndiye aliyehifadhi ushahidi. Bila ile 84 yake tungebaki tukiilaumu betri.

Kilichobadilika

Oksimita zote mbili sasa zina plasta nyeupe juu iliyoandikwa kwa kalamu nzito: WATU WAZIMA TU. Anayefungua kliniki asubuhi huibana kidoleni mwake, huhesabu mapigo yake kwa mkono, na kuandika namba zote mbili kwenye daftari lililofungwa kwa kamba mezani. Inachukua dakika moja na nusu, nimepima. Kwenye rejista wamechora mstari wa rula kuigawa ile safu mara mbili, oksijeni kushoto na mapigo kulia. Mapigo ya kioo yasipofanana na ya stetoskopu, namba ya oksijeni haiandikwi kabisa, na mtoto anaamuliwa kwa pumzi, kifua na kunyonya.

Kwa fedha za huduma ya afya ya msingi za robo mwaka iliyofuata kituo kilinunua oksimita moja ya mkononi yenye probu ya watoto. Inafanya kazi vizuri. Waya wake umeanza kulegea karibu na plagi, kwa sababu ulikuwa ukikunjwa kwa nguvu kurudishwa droo. Niliwaonyesha kuuviringisha kwa duara pana, na sasa unaning'inia kwenye msumari kando ya mizani. Probu ya akiba tumeiomba, haijafika. Sista wa usiku ameniambia ikikatika kabla ya hapo, stetoskopu anayo, na saa ya ukutani ameiwekea betri mpya.